Ritifaa ya Kiukraini: herufi au alama tu?

Zamani anayepanga maandishi ya Kiukraini kwenye kompyuta alihangaika na і, ї, є na ґ. Jedwali la KOI8-R, orodha inayoipa kila herufi namba yake ndani ya kompyuta, lilitungwa kwa ajili ya Kirusi, na herufi hizo nne hazikuwemo. KOI8-U iliyoziongeza ilichapishwa kama RFC 2319, moja ya hati za kiufundi za intaneti, mwaka 1998. Jedwali 866 la DOS, mfumo wa zamani wa kompyuta, lilikuwa na ї na є, lakini і haikuwemo, basi watu wakachomeka i ya Kilatini. Jicho halioni tofauti. Kompyuta inapotafuta neno, inaiona. Yunikodi, jedwali moja la maandishi ya dunia, ilizipa zote nafasi zake.

Ubishi uliobaki ni wa ritifaa. Katika п’ять (tano) na ім’я (jina) inatenganisha konsonanti na irabu inayofuata, na huwezi kuiacha. Kibodi nyingi hutoa ile iliyonyooka, U+0027 kwa namba ya Yunikodi, ambayo mpangaji makini haipeleki kitabuni. Wanaobishana wanachagua kati ya U+2019, alama ya kufungia nukuu, na U+02BC, ambayo Yunikodi inaihesabu kuwa herufi.

Upande wa U+02BC una mantiki. Ritifaa imo ndani ya neno, kwa nini programu iione kama alama ya uakifishaji? Zipo ambazo hukata ім’я vipande viwili wakati wa kukagua tahajia. Tena kanuni za majina ya tovuti yasiyo ya Kilatini zinaikubali U+02BC na kuikataa U+2019.

Hata hivyo alfabeti ya Kiukraini ina herufi 33, na ritifaa si mojawapo. Lugha hiyo hunukuu kwa « », kwa hiyo U+2019 haigongani sana na nukuu kama inavyogongana katika Kiingereza. Halafu kuna fonti: nyingi zenye Kikirili (mwandiko wa Kiukraini na Kirusi) hazina U+02BC, na programu huazima umbo kutoka fonti nyingine. Ukurasa mzima unakuwa na ritifaa nene kuliko herufi zake. (Sisi wa ng’ombe na ng’ambo tunalo swali hilihili, ila hatulijadili.)

Kwa kitabu cha kuchapwa nachagua U+2019. Kwa kanzidata na majina ya tovuti, U+02BC. Kinachoudhi ni kuzichanganya katika faili moja: msomaji anatafuta ім’я, anapata nusu ya matokeo, wala hajui nusu nyingine ipo. Dawa yake ni kubadilisha zote kuwa moja kabla ya kupanga ukurasa wa kwanza, na kuifundisha sehemu ya kutafutia izipokee zote tatu.