Kimbunga cha vitabuni hakifiki Mikindani

Nikishika kitabu cha picha kuhusu hali ya hewa, huwa nakimbilia ukurasa wa kimbunga. Mara nyingi nakuta mchoro uleule: bomba jeusi limeshuka kutoka mawinguni, linazoa mabati na ng'ombe. Watoto wanaupenda sana. Ila hicho ni kisulisuli cha nchi kavu, cha mashamba tambarare ya Marekani. Kimbunga kinachotujia Mtwara na Lindi hutoka baharini, kina upana wa mamia ya kilomita, na aliyesimama pwani ya Mikindani hawezi kuona umbo lake. Ataona mbingu imefunga, bahari imechafuka na upepo unazidi saa baada ya saa.

Mtoto anayesubiri bomba atajuaje kwamba kimeshafika?

Hata watu wazima tuna tatizo hilo. Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipokaribia, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari na shule za Mtwara zikafungwa. Tarehe 25 kikapiga Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, kikaangusha vijiji. Huku watu wakaanza kucheka: mbona hamna kitu? Kingepinda kidogo kuja kaskazini, sijui nani angecheka. Lindi ilishapigwa Aprili 1952, lakini sijawahi kuona kitabu cha watoto kinachosimulia habari hiyo.

Kuna na suala la mishale ya michoroni, ile inayoonyesha upepo unavyozunguka. Kusini mwa ikweta kimbunga huzunguka kwa kufuata mwendo wa saa. Kaskazini huzunguka kinyume chake. Mchapishaji akichukua kitabu cha ng'ambo, akabadilisha maneno na kuacha michoro ilivyo, mtoto wa Lindi anasomeshwa upepo wa kwa watu.

Mimi ningependa kitabu kinachochorwa kutoka pale mtoto alipo, mlangoni kwa bibi yake. Ukurasa wa kwanza, wavuvi wanavuta mitumbwi juu kabisa, mbali na maji. Unaofuata, minazi imelala upande mmoja na makuti yanaruka. Halafu unafunua: kweupe, upepo umekata, watu wanatoka nje kutazama. Hilo ndilo jicho la kimbunga, na ndipo wengi huponzwa, maana wanadhani yamekwisha. Funua tena: minazi ileile imelala upande wa pili. Kitabu cha picha kinafanya kazi hiyo vizuri kuliko redio, kwa kuwa mtoto anafunua mwenyewe, na anakumbuka kwamba bibi alimzuia asitoke.

Wapo wazazi watakaosema unawatisha watoto. Hawa hawa watoto wanasimuliwa habari za majini kila usiku, na wanalala.

Ombi langu jingine ni kwamba mchoraji asifunge hadithi kwa upinde wa mvua. Kimbunga Hidaya kilipokuja Mei 2024, wengi wetu huku kusini hatukukijua kwa upepo. Tulikijua kwa maji. Barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika maeneo ya Somanga, magari yakakwama. Basi mchoraji achore foleni hiyo: daraja limekwenda na maji, abiria wamekaa juu ya mizigo yao, kondakta anabishana na mtu kuhusu nauli, na mama mmoja ameshawasha jiko anauza chai.