Utumbo na kalsiamu: waonja wenyewe, au wangoja amri?

Chemsha maji ya kisima cha Mji wa Kale siku chache mfululizo, utaona birika limevaa ganda jeupe ndani. Mombasa imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na matumbawe ni kalsiamu kaboneti. Tumeyanywa maji hayo tangu utotoni, na damu zetu hazikugeuka chokaa. Kalsiamu huru ya damu hubaki baina ya milimoli 1.1 na 1.3 kwa lita, uwe umekula dagaa au umeshindia chai ya mkandaa. Yupo anayeshika kipimo, na wataalamu wanabishana ni nani.

Jibu la siku nyingi ni kwamba nahodha yuko shingoni. Tezi nne ndogo, parathairoidi, zikiona kalsiamu ya damu imeshuka hutoa homoni. Kwa amri ya homoni hiyo, figo nazo hutengeneza vitamini D iliyo tayari kwa kazi, ndiyo inayoamrisha seli za mwanzo wa utumbo mwembamba. Upande wa chakula hufunguliwa mlango uitwao TRPV6. Ndani ya seli kalsiamu huru ni kama mara 10,000 pungufu kuliko nje, kwa hiyo haiachwi izurure: protini ya kalbindini huishika mkono mpaka upande wa pili, pampu ikaitoa kwenye damu. Kwa jibu hili utumbo ni baharia tu, havuti kamba mpaka aambiwe.

Mwaka 1993 wanasayansi Edward Brown na Steven Hebert na wenzao walitangaza kipokezi cha kuhisi kalsiamu, yaani protini ya juu ya seli inayotambua kiasi cha kalsiamu kilicho nje, walichokipata kwenye tezi ya parathairoidi ya ng'ombe. Baadaye kikaonekana tumboni, kwenye seli zitoazo gastrini (homoni inayochochea asidi ya tumbo), kwenye seli za utumbo zitoazo kolesistokinini (homoni nyingine ya usagaji chakula), na kwenye vishimo vya utumbo mpana. Hapo ndipo wengine waliposema: baharia naye ana macho, yaani utumbo huonja kalsiamu wenyewe.

Hoja hiyo ina nguvu, ila inahitaji kutazamwa kwa karibu. Utafiti wa mwaka 2019 ulichukua vipande vya utumbo wa panya. Kalsiamu ya nje ilipoongezwa, au kipokezi kilipoamshwa kwa dawa, ufyonzaji ulipungua papo hapo, bila kungoja homoni yoyote. Kwa panya wenye TRPV6 mbovu, breki hiyo haikuonekana. Lakini dawa iliwekwa upande wa damu, si upande wa chakula. Yaani seli ilikuwa ikichungulia damu, kama tezi za shingoni zinavyofanya, na kusema "imetosha". Kuhisi kupo, nakubali. Kuuita kuonja ni kuuvika kilemba cha ukoka.

Tena kuna njia isiyomuuliza mtu. Kalsiamu ikiwa nyingi hupenya kwenye nafasi baina ya seli, kwa kufuata tu mteremko kutoka penye nyingi kwenda penye chache. Lakini njia ile ya kupita ndani ya seli hushiba, ndiyo maana kumeza kidonge kikubwa kwa mkupuo kunaleta faida ndogo kuliko kugawa. Ushauri wa kawaida ni miligramu 500 au chini yake kwa mara moja. Mchicha nao una oksaleti inayoishika kalsiamu, na kalsiamu iliyoshikwa haifyonzwi wala haigusi kipokezi. Sukuma wiki inamzidi mchicha hapo kwa mbali.

Panaponishawishi zaidi ni utumbo mpana. Sumu ya kipindupindu huzidisha ndani ya seli ujumbe unaozifanya zimwage maji. Kwenye utumbo wa panya, kipokezi hiki kikiamshwa, ujumbe huo huvunjwa na umwagaji ukapungua. Hapa utumbo unajiamulia. (Asije mtu akaramba chokaa ya tambuu: mwenye kuharisha dawa yake bado ni maji ya ORS na kwenda hospitali.)

Lipo jambo moja linalowatatiza wanaosema utumbo huonja. Kipokezi hiki hakihisi kalsiamu peke yake. Asidi amino, vijenzi vya protini, kama fenilalanini nazo hukiongezea wepesi wa kuamka. Dagaa mkavu huliwa mzima, mfupa na nyama pamoja, na vyote viwili hubisha mlango huo huo. Gastrini ikimwagika baada ya sahani hiyo, utumbo umeonja kipi?