Duka la Midoli Limefika Sinza, na Sisi Wazazi Tumekwisha

Mimi si adui wa maendeleo, na anayenifahamu hapa Sinza atanishuhudia. Maji ya bomba yakitoka nashangilia, umeme ukirudi napiga kelele pamoja na watoto, na hata kamera za ulinzi za jirani, ambazo kwa sababu nisizozielewa zimeelekezwa mlangoni kwangu, nimezivumilia. Lakini duka la midoli lililofunguliwa mtaani kwetu, lile lenye matawi katika miji kadhaa, lenye milango ya vioo inayojifungua yenyewe na wafanyakazi waliovaa fulana za rangi moja, limenivurugia utawala wa nyumba kiasi kwamba sina budi kulisemea hadharani.

Asiyeijua Sinza aelezwe kwamba iko Dar es Salaam, na viwanja vyake vilipimwa katika miaka ya 1970, chini ya mradi wa viwanja na huduma uliosaidiwa na Benki ya Dunia, ili watu wa kipato cha kawaida wajijengee nyumba za kuishi. Nyumba zikajengwa na watu wakaishi, mpaka mmoja alipobomoa ukuta wa mbele na kujenga fremu ya duka. Jirani yake akaona, jirani wa jirani akasikia, na leo anayetafuta nyumba isiyo na fremu atazunguka hadi soli za viatu ziishe. Tuna fremu za saluni, za mawakala wa fedha za simu, za bucha, za mafundi cherehani, za dawa na za vifaa vya shule. Kila mwenye fremu anauza alichoandika ukutani, pamoja na vingine ambavyo hakuviandika, na hakuna aliyewahi kuuza midoli peke yake, kwa sababu kila mtu alijua kwamba mdoli ni kitu kinachonunuliwa mara moja kwa mwaka, sikukuu, baada ya malumbano.

Katika mpangilio huo wa zamani, mhimili mkuu alikuwa Mangi. Duka lake lina nondo na wavu, na dirisha analopitishia bidhaa liko juu kidogo ya kichwa cha mtoto wa darasa la pili. Sijui kama aliyelijenga alikuwa fundi wa kawaida au mtu mwenye hekima kubwa. Midoli ilitundikwa huko ndani kwa kamba, juu kabisa, nyuma ya sabuni za unga na viberiti, ikashika vumbi la kutosha kuifanya isitamanike, na mtoto aliyetaka kuiona alilazimika kubebwa na mtu mzima ambaye hakuwa na haraka ya kumbeba.

Hata alipoiona, hakuna kilichoharibika, maana mimi na Mangi tulikuwa na mkataba ambao haukuwahi kuandikwa wala kutamkwa. Nikifika na mwanangu na kukohoa kidogo kabla ya kusalimia, Mangi alielewa kwamba mwezi uko pabaya. Mtoto akinyoosha kidole, Mangi alimwambia kwa huzuni ya kweli, “Gari lile ni la mtu, mwanangu, ameshalilipia, anakuja kulichukua jioni.” Mtu huyo hajawahi kuja. Gari limening'inia pale mpaka wekundu wake umegeuka rangi ya chungwa, na watoto watatu wa nyumbani kwangu wamekua wakiamini kwamba kuna bwana mmoja mtaani, tajiri na msahaulifu, anayelipia vitu na kuviacha. Nisipokohoa, gari lile lile lilikuwa na bei, na bei yenyewe ilikuwa ya maelewano.

Sasa hebu muone tulicholetewa. Katika duka jipya hakuna nondo, hakuna wavu, na rafu zinaanzia sakafuni. Magari yamepangwa usawa wa macho ya mtoto, wanasesere usawa wa mikono yake, na vitu vya watu wazima, yaani mlango wa kutokea, vimewekwa mbali kabisa, kiasi kwamba kuvifikia ni lazima upite mbele ya kila kitu. Maboksi mengi yametobolewa tundu penye kitufe, na pembeni pameandikwa “Jaribu”. Mtoto anajaribu. Ndege inaimba, roboti linatembea, mbwa wa manyoya anabweka kwa lugha ambayo si yetu, na binti aliyevaa fulana anainama kwa tabasamu na kumwambia mwanangu, mbele yangu mimi baba yake mzazi, “Gusa tu, usiogope.” Nikakohoa. Akaniuliza kama ningependa maji ya kunywa.

Jambo linaloniumiza zaidi ni zile karatasi ndogo za bei. Kwa Mangi, bei ilikaa kichwani mwa Mangi, na mimi niliweza kumwambia mtoto kwamba kile kigari ni laki tatu na mazungumzo yakaisha. Sasa bei imebandikwa, na mwanangu anasoma darasa la pili katika shule ambayo naigharamia mwenyewe, ambako wamemfundisha, bila kunitaka ushauri, kusoma tarakimu tano. Alisimama mbele ya gari la kuendeshwa kwa rimoti, akasoma 45,000 kwa sauti, akatulia akifikiri, kisha akaniambia kwamba hiyo ni ndogo kuliko mchango niliotoa kwenye harusi ya mjomba wake. Nyuma yetu kulikuwa na mama mmoja na wanawe, na niliona anajitahidi kutocheka. Utamweleza nini mtoto huyo? Utamwambia kwamba mchango wa harusi si hiari, kwamba kuna kamati, kuna kadi, kuna katibu anayepiga simu saa tatu usiku?

Nikaenda kwenye kaunta kutafuta suluhu ya kiungwana. Nilimuuliza mhudumu bei ya mwisho ni ngapi, naye akanionyesha ile ile karatasi. Nikamweleza kwamba mimi ni mkazi wa hapa wa siku nyingi; akanipongeza, akanipa fomu ya kadi ya pointi. Nikamuuliza kama wanaandika, akaniuliza kuandika nini. Kwa Mangi ukutani pamebandikwa “Kukopa harusi, kulipa matanga”, na chini yake “Mali bila daftari hupotea bila habari”, lakini chini ya maandishi hayo yote limelala daftari lenyewe, na jina langu limo, kurasa kadhaa. Huku ukutani wameandika “Karibu kwenye ulimwengu wa furaha”, na hakuna daftari. Halafu, kwa kuwa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, wanakuuzia mfuko wao wenye jina lao kubwa pande zote mbili, kwa hiyo mtu anatembea barabara nzima ya Shekilango akilitangaza duka la watu kwa gharama zake mwenyewe.

Na risiti! Nafahamu vyema kwamba ukiuza utoe risiti na ukinunua udai risiti. Mamlaka ya kodi imetuambia hivyo kwa miaka mingi, na ni wajibu wa mwananchi. Sina ugomvi na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Ugomvi wangu ni na saa na dakika zinazochapishwa juu ya karatasi hiyo, ambayo mama watoto huikuta mfukoni anapofua. Kwa Mangi, mdoli uliingia nyumbani na bei ambayo mimi na yeye tulikubaliana iwe. Siku hizi bei inaingia imepigwa chapa, pamoja na uthibitisho kwamba wakati niliosema niko kwenye foleni ya benki nilikuwa mahali penye puto.

Wapo watakaosema niende Kariakoo nikanunue kwa bei ya jumla, na wana hoja. Midoli yote hii, ya kwenye boksi lenye dirisha na ya kwenye kamba ya Mangi, asili yake ni moja: inatoka China, ambako wilaya ya Chenghai katika mji wa Shantou imejaa viwanda vya kuchezea watoto, na wafanyabiashara wetu huifuata kwenye soko la Yiwu. Gari lile la 45,000 nimeliona Kariakoo likiuzwa kwa dazeni, ndani ya mfuko laini, bila dirisha, bila wimbo na bila kiyoyozi. Lakini mtu mwenye mtoto mmoja anayelilia gari hana shida na magari kumi na mawili. Ukiongeza nauli, jua, mikokoteni inayokupigia kelele kisogoni, na soda ya kumnyamazisha mtoto aliyechoka, utakuta umeokoa fedha ambazo zimeshatumika kuziokoa.

Nitakuwa mwongo nikisema kwamba midoli ya Mangi ilikuwa mizuri. Tairi la kwanza lilichomoka kabla hujafika nyumbani, na ukirudi kulalamika uliulizwa ni nani aliyelisukuma kwa nguvu. Mwanasesere wake alinyonyoka nywele kwa kutazamwa. Duka jipya linakubali kurudishiwa kitu kibovu ndani ya siku saba ukiwa na risiti, nami nakiri kwamba huo ni ustaarabu, ingawa mtu hawezi kurudisha gari ambalo mwanawe analala nalo.

Wala sitaanza ile hotuba ya magari ya waya na mpira wa makaratasi. Niliianza nyumbani, mtoto akaisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniomba nimtengenezee gari la waya, na waya pekee uliokuwa karibu ulikuwa seng'enge ya jirani mwenye kamera. Kichekesho ni kwamba duka lenyewe linauza tiara. Tiara! Tuliyoitengeneza kwa gazeti, njiti za fagio la chelewa na gundi ya ugali, sasa imekunjwa ndani ya boksi, ina maelekezo ya kuirusha kwa lugha sita, Kiswahili hakimo, na bei yake inatosha kununua mafagio ya chelewa ya mtaa mzima.

Mtaani nako kila mtu amepagawa kwa namna yake. Mama wa vifaa vya shule ametundika maputo mlangoni na kupanga gololi kwenye mabakuli. Saluni ya kike imenunua mwanasesere anayezungumza, ili watoto watulie mama zao wakisukwa, na sasa watoto wanakataa kuondoka. Mwenye bucha aliniuliza, kwa unyenyekevu mkubwa, kama naona ni vibaya mtu akiweka dubu wa manyoya karibu na maini. Madalali ndio waliopona kabisa: fremu iliyokuwa “karibu na kituo cha daladala” sasa iko “jirani na duka kubwa la watoto”, kodi imepanda, na inatakiwa ya mwaka mzima kwa mkupuo. Wenye nyumba waliokuwa wakimlaani mgeni huyu wiki ya kwanza wamenyamaza.

Mzee mmoja tunayecheza naye bao hunifariji kwamba wakubwa huja na kuondoka. Anakumbusha kwamba, kati ya supamaketi za kigeni, Shoprite waliuza maduka yao ya Tanzania kwa Nakumatt mwaka 2014, Uchumi wakafunga mwaka 2015, na Nakumatt wenyewe wakafuata njia hiyo hiyo, ilhali Mangi bado yupo. Nikamwongezea kwamba huko Marekani, kwenye watu wenye fedha, Toys "R" Us, wauza midoli wakubwa, waliomba kinga ya mufilisi mwaka 2017 na mwaka uliofuata wakafunga maduka yao. Tukafurahi sana. Furaha ikakatizwa na mwanawe, mwalimu wa historia, aliyetuambia kwamba duka la midoli la Hamleys la London lilianzishwa mwaka 1760, kabla Sayyid Said hajazaliwa, na mpaka leo wazazi wa huko wanaburutwa kuingizwa humo. Mzee akahamisha kete bila kuhesabu. Kwa vyovyote vile, hata hili la kwetu likifungwa, litafungwa mwanangu akiwa ameshaacha magari na anataka simu.

Aliyenishangaza ni Mangi. Nilidhani nitamkuta analia, nikamkuta anapanga betri. Maboksi yale yote yenye nyimbo yana mstari mmoja chini, kwa herufi ndogo kuliko za bima, unaosema kwamba betri zinanunuliwa peke yake. Na betri za dukani kule zinauzwa kwa pakiti, nzima, wakati Mangi anakuuzia moja moja, hata usiku, hata kwa daftari. Ameongeza gundi ya kubandika na bisibisi ndogo. Fundi simu aliye pembeni yake sasa ana ndoo ya magurudumu, mikono na vichwa, na amefufua roboti lililokataliwa mkoani na wilayani. Nilipomlalamikia Mangi kwamba mkataba wetu umevunjwa, akanitazama kwa upole na kuniambia, “Mzee wangu, wewe kohoa tu, nitasema betri zimeisha.”

Nilitiwa moyo na maneno hayo, nikaona nijaribu diplomasia na upande wa pili pia, hasa kwa kuwa sikukuu inakaribia na watoto wataamka na fedha za Idi mikononi. Nikaomba kuonana na meneja wa tawi, binti mwenye adabu aliyeniamkia “shikamoo” kabla sijakaa. Nikamweleza kwamba sisi wazazi wa hapa hatudai duka lifungwe, wala hatudai punguzo. Tunaomba wavu. Wavu wa kawaida wa dirishani, kuanzia sakafuni hadi usawa wa kifua cha mtu mzima, na mfanyakazi mmoja tu, aliyefunzwa, mwenye uwezo wa kusema kwamba kile ni cha mtu. Alinisikiliza bila kucheka, akaandika kila neno kwenye kitabu cha maoni, akachukua na namba yangu ya simu ili makao makuu wanijibu.

Kuhusu wavu hawajajibu. Wananitumia ujumbe wa ofa kila Ijumaa jioni, na kwa kuwa saa hizo simu yangu huwa mikononi mwa kitindamimba wangu, yeye ndiye anayenisomea, kwa sauti, mbele ya mama yake, tarakimu zote tano pamoja na tarehe ya mwisho.