Ufunguo wa Stoo ya Mikuki

Jumanne iliyopita ilinyesha mvua ya huku Uingereza, ile isiyo na radi wala haraka, nami nimesimama pembeni ya uwanja wa riadha namsubiri binti yangu. Akaja bibi mmoja wa miaka sabini na ushei, akatoa ufunguo mfukoni mwa koti, akafungua stoo. Alitoka na mikuki mitano. Kila mmoja aliufuta kwa taulo kuukuu, akaanzia kwenye ncha ya chuma, akapita taratibu pale penye kamba ya kushikia, mpaka mkiani. Ndipo akamkabidhi binti yangu ule wa gramu 400 na kumwambia: ubebe umesimama wima, na ukienda kuuchomoa usikimbie.

Yule bibi halipwi. Nimeuliza. Anakuja Jumanne na Alhamisi, mwaka nenda mwaka rudi, na klabu haina cha kumpa zaidi ya kikombe cha chai.

Usiku ule sikulala vizuri, na kilichoniamsha ni ufunguo. Maana sote tuliosoma kule nyumbani tunaujua ufunguo wetu: unakaa kwa nani, na unatoka lini. Shuleni kwetu Singida kulikuwa na mikuki mitatu halisi. Niliishika mara moja, wiki moja kabla ya UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari. Siku zote nyingine tulirusha mianzi tuliyochonga wenyewe, na kuna msichana wa darasa letu ambaye mwanzi wake ulikuwa ukivuka mpaka ng'ambo ya mnazi wa mwalimu mkuu. Hakuna aliyempimia. Kidato cha nne kikaisha, na mkono ule ukaishia hapo hapo.

Sijaandika ili kuwatambia. Najua kuna watakaosema huyu keshalewa ugenini, ameona taulo na mvua akadhani ameona pepo. Nisikilizeni kwanza.

Ninaishi Essex, na huku ndiko alikolelewa Fatima Whitbread, mrusha mkuki wa Uingereza. Wengi wenu hamkumwona akirusha, nami nilikuwa mdogo, lakini habari zake ndizo zinazonichoma. Alizaliwa London mwaka 1961, na aliyemzaa akamwacha mchanga ndani ya nyumba, peke yake. Jirani akasikia kilio, polisi wakaja kuvunja mlango. Tangu hapo akawa mtoto wa makao ya kulelea watoto, anahamishwa toka nyumba hii kwenda nyingine, hana wa kumwita mama.

Hapo niacheni nijivunie kwetu. Mtaani tulikokulia mtoto mchanga hawezi kulia toka asubuhi hadi jioni bila mlango kugongwa. Mama wa jirani ataingia hata asipokaribishwa, atambeba, atampa uji, na jioni kila mtu atataka kujua wazazi wako wapi. Nimekaa hapa miaka kumi na moja na jina la jirani wa juu yangu silijui. Hilo nalisema kifua mbele, na Mwingereza akiniuliza nitamwambia vilevile.

Lakini tazameni kilichofuata. Yule mtoto wa makao alipenda mkuki, akaenda uwanjani. Akamkuta mwalimu wa michezo aliyekuwa akifundisha wasichana kurusha, Margaret Whitbread. Mama huyo alipojua mtoto anatoka kwenye makao, alimtafutia viatu na mkuki. Siyo siku ya mashindano, siyo mgeni rasmi alipokuja. Alimpa ili arushe. Baadaye akamchukua nyumbani, akamlea na wanawe, na Fatima akabeba jina lake.

Kuanzia hapo safari ni ya mama na binti. Mwaka 1984, kwenye Olimpiki ya Los Angeles, Fatima alipata medali ya shaba. Tarehe 28 Agosti 1986, kwenye mashindano ya Ulaya mjini Stuttgart, alitoka asubuhi kwa raundi ya mchujo tu, raundi ambayo wengine hurusha mara moja wapate kufuzu wakapumzike. Mkuki ukatua mita 77.44. Rekodi ya dunia! Hakuna mwanamke aliyekuwa amefika mita 77 kabla yake, na hakuna Mwingereza, mwanamume wala mwanamke, aliyekuwa amewahi kushika rekodi ya dunia katika michezo ya kurusha. Kesho yake ikabidi arudi uwanjani na kushinda fainali, na akaishinda. Mwaka uliofuata huko Roma akawa bingwa wa dunia kwa mita 76.64, na bega lilikuwa limeshaanza kumsaliti. Olimpiki ya Seoul 1988 akachukua medali ya fedha nyuma ya Petra Felke wa Ujerumani Mashariki. Mwaka 1992 bega likamstaafisha.

Zama zile zile alikuwepo Tessa Sanderson, mzaliwa wa Jamaica aliyekulia Wolverhampton, naye alivumbuliwa na mwalimu wa michezo shuleni. Ndiye aliyechukua dhahabu ile ya Los Angeles, mita 69.56, mwanamke mweusi wa kwanza wa Uingereza kupata dhahabu ya Olimpiki. Wawili hao hawakupendana hata kidogo, na magazeti yalinenepa kwa ugomvi wao. Mimi ninachokiona ni kwamba mmoja alitupwa na mwingine alihamia, na wote wawili walimkuta mtu mzima uwanjani.

Sasa wapo watakaoniambia: na Yego je? Julius Yego, jirani yetu Mkenya, alijifunza kurusha mkuki kwa kutazama video mtandaoni, akawa bingwa wa dunia mwaka 2015 kwa mita 92.72, akachukua medali ya fedha Olimpiki ya Rio. Hakuhitaji bibi wala taulo.

Ndugu zangu, habari ya Yego kila nikiisikia ikitajwa kama sifa yetu naumia. Sifa ni yake. Kijana mwenye mkono kama ule, Afrika Mashariki nzima yenye makocha waliosomea, alilazimika kufundishwa na skrini, na sisi tunaisimulia tukicheka kwa furaha? Tena hata yeye alipopata nafasi alikwenda Finland kufanya mazoezi chini ya kocha, kwa sababu skrini haioni kiwiko chako kikishuka. Tunahesabu mmoja aliyepenya. Yule msichana wa mwanzi nani anamhesabu?

Mwingine atasema wenzetu wana hela. Wanazo, sibishi. Barabara ya kukimbilia ya mpira inagharimu, mikuki inagharimu. Lakini ufunguo haugharimu kitu. Shuleni kwetu mikuki ilikuwepo! Ilinunuliwa, ikaandikwa kwenye daftari la mali, ikafungiwa isije ikaharibika. Tunasema mcheza kwao hutunzwa, nami nawauliza kwa moyo safi kabisa: atacheza na nini, na stoo imefungwa?

Na msinipe jibu la serikali. Nimechoka nalo, na nililitoa mwenyewe miaka yote nilipokuwa huko. Yule bibi si serikali. Mama Margaret alipotafuta viatu hakusubiri waraka. Kwetu wastaafu wenye afya na ujuzi wamejaa, walimu waliowahi kutufundisha mbio na kuruka, jioni wamekaa barazani. Tunawaheshimu, tunawaamkia, lakini hakuna anayewaomba waje uwanjani.

Jumapili nilimpigia dada yangu mkubwa, mwalimu mstaafu. Shikamoo, marahaba, habari za mvua. Nikamwambia klabu inabadilisha mikuki, ya zamani sita wamesema nichukue. Akanyamaza kidogo.

"Ikifika hapa, ufunguo atashika nani?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo sababu nimempigia yeye na si shule.

"Magoti yangu unayajua."

"Huyu wa huku naye anachechemea, dada."

Akauliza urefu. Nikamwambia mrefu kuliko wote ni mita mbili na robo hivi, kwa mzigo wa kawaida wa ndege haiingii. Kuna rafiki anajaza kontena bandari ya Tilbury mwezi ujao, la kwenda Dar, na amenipa nafasi pembeni ya magodoro. Dada amesema atamtafuta fundi wa mbao apige vishikizo ukutani chumbani kwake, na anataka niweke na taulo.