Kazi ya bure wanaiita mtihani

Makampuni makubwa ya teknolojia yananikera kweli. Unaomba kazi ya kushauri wateja kwa kutumia data, wanakubali kukuhoji, halafu wanapanga saa bila kuuliza uko wapi. Mwaliko unaandika saa ya Kinshasa, wakati sisi Lubumbashi tuko mbele kwa saa moja. Kwao California ni mchana. Huku ni usiku, umeme wa mtaa umekatika na mega za intaneti zinakaribia kuisha kwenye simu.

Hayo ningeyavumilia. Kinachoniuma ni ile kazi ya kufanyia nyumbani. Wanakutumia jedwali lenye maelfu ya mistari: safisha data, andika SQL (lugha ya kuchota data kwenye hifadhidata), eleza kwa nini wateja wanapungua, tengeneza slaidi za kumshawishi mkurugenzi. Hiyo ni kazi ya mshauri kabisa, ile ambayo mteja hutozwa pesa nyingi, na wewe unaifanya bure wikendi nzima. Kisha anayekuhoji hata hajaifungua! Anakuuliza tofauti ya wastani na mediani (namba ya katikati zikipangwa kwa ukubwa), kitu ambacho mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anakijua. Haulizi ungemwelezaje mfanyabiashara asiyependa hesabu, na hiyo ndiyo roho ya kazi yenyewe.

Baada ya hapo, kimya. Ukiandika, mashine inakushukuru kwa uvumilivu.

Vijana wa hapa wananunua mega kwa pesa ya chakula. Anayekataliwa aambiwe mapema, na kazi aliyoifanya ilipwe.