Dereva, Zima Hiyo Redio!

Kama redio ya gari ni mbovu, izimwe. Ni ombi kubwa hilo? Asubuhi natoka Tabata kwenda Kariakoo, nimesimama, kwapa la mtu liko puani mwangu, hayo tumeshayazoea. Chenji, konda anasema "nakuja, mzee". Nayo tumeizoea. Lakini ile redio!

Gari likitumbukia shimoni, stesheni inahama. Shehe yuko kwenye mawaidha, "ndugu zangu, mauti ni..." Gudu! "...goooli!" Gudu! Taarabu. Gudu tena, tangazo la dawa ya nguvu za kiume, na hapo pembeni yangu kuna bibi wa watu kashika tasbihi.

Nikamwambia konda, kwa heshima zangu zote za mtu mzima anayening'inia bombani: "Kijana, mwambie suka apunguze." Mara kijana mwingine wa siti ya dirishani kanyoosha simu juu: "Shikamoo mzee. Samahani, usiongee, narekodi muziki."

Muziki! Eti yeye mtunzi. Eti mwaka 1951 huko New York, mtunzi wa muziki wa Kimarekani, John Cage, aliweka jukwaani redio 12 na watu 24. Kila redio watu wawili: mmoja anahamisha stesheni, mwenzake anapandisha na kushusha sauti, noti zimeandikwa kabisa, na Cage mwenyewe yuko mbele anaongoza. Zamu yao ikafika karibu usiku wa manane, stesheni nyingi zimeshafunga, kwa hiyo ukumbi mzima ukakaa kusikiliza mikwaruzo. Watu wazima. Wamevaa suti.

Kijana akamgeukia konda: "Kaka, goli likirudi, gonga bodi." Konda naye, chenji yangu imemshinda ila sanaa anaiweza, akagonga. Suka kusikia bodi, akapiga breki katikati ya barabara pale Buguruni. Bibi kaniangukia na tasbihi yake, nyuma honi, lori, bodaboda, matusi. Kijana macho yanang'aa: "Safi sana! Msiache!"

Mzee wa heshima nikapasuka: "Nipe mia mbili yangu, mwizi mkubwa wewe!"

"Hiyo ndiyo kiitikio," kijana akasema.

Na gawio langu je? Si sauti yangu hiyo? Wangapi wametajirika kwa sauti ndogo kuliko yangu? Nimeshuka kichwa kinagonga, nikapita gengeni kununua vitunguu nilivyoagizwa. Jamani, muulizeni yule mama bei aliyonitajia, na vyenyewe vimeshaota majani.