Kibao cha mlangoni si bango la barabarani

Kila inapotajwa operesheni ya kuondoa mabango Arusha, sababu zinazotolewa hufanana. Jiji liwe safi, AFCON ya 2027 inakuja, uwanja unajengwa Olmoti, mgeni asikute fleksi zilizochanika zikipepea Barabara ya Sokoine. Wengi tunaitikia haraka, maana hakuna anayetetea uchafu. Lakini katika operesheni za namna hii kuna kitu kinachozolewa pamoja na uchafu bila kutazamwa mara mbili: kile kibao cha futi nne kwa tatu juu ya mlango wa fremu ya duka, kinachomwambia mpita njia kwamba humu yumo fundi cherehani.

Nianze na hoja za jiji, kwa sababu ni za kweli. Bango la chuma lililosimikwa kwenye kona linamnyima dereva kuona bodaboda anayetokea upande wa pili. Fleksi kubwa iliyofungwa kwa waya mwembamba ni hatari siku ya upepo. Nguzo za umeme zimejaa karatasi za waganga, vyumba vya kupanga na mikopo ya haraka, moja juu ya nyingine, na hakuna anayerudi kuzibandua. Hifadhi ya barabara nayo ina sheria yake. Tangu Sheria ya Barabara ya 2007 na kanuni zake, hifadhi ya barabara kuu na za mikoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, badala ya mita 22.5 za zamani, na hakuna anayeruhusiwa kusimika kitu humo bila kibali.

Halafu kuna fedha. Ada ya mabango ni sehemu ya mapato ya ndani ya halmashauri, na asilimia 10 ya mapato hayo inatakiwa kwenda kwenye mikopo ya vikundi: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Diwani anayetetea ukusanyaji mkali anaweza kuwa anafikiria kikundi cha akina mama wa kata yake, na ana haki ya kufanya hivyo. Moshi, jirani zetu, wametuonyesha pia kwamba ukali unaweza kupendwa na wakazi. Faini ya shilingi 50,000 kwa anayetupa taka ilipata umaarufu nchi nzima, na watu wa Moshi huitaja kwa fahari.

Hayo yote nayakubali. Swali langu ni kama hoja hizo zinakihusu kibao cha mlangoni.

Arusha ni mji uliojipa majina kwa kutazama vilivyokuwapo. Panda kifodi, yaani daladala, popote usikilize konda anavyoita: Philips, Impala, Fire, Florida, Mbauda, Kwa Mrombo, Kwa Iddi, Kwa Mrefu. Ni viwanda, hoteli, ofisi na majina ya watu. Kiwanda cha redio cha Philips kilifungwa zamani, ila kituo bado kinaitwa hivyo na kila abiria anakijua. Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 ilitupa majina ya mitaa na namba za nyumba, kazi nzuri na iliyochelewa, lakini mteja anayepiga simu kutoka Ngaramtoni haulizi namba ya nyumba. Anaambiwa, "Shuka Sanawari, pita duka la dawa, utaona kibao cha bluu cha saluni, sisi tuko mlango wa pili." Kibao hicho kinamwelekeza mtu hata asiye mteja wa saluni hiyo. Mwenye saluni amewalipia majirani zake alama ya njia kwa fedha yake mwenyewe.

Serikali ilishaliona hili, angalau nusu yake. Mwaka wa fedha 2017/18, ukusanyaji wa ada ya mabango ulipohamishiwa Mamlaka ya Mapato (TRA) kabla ya kurudi tena kwa halmashauri, ilifutwa pia ada kwenye mabango yanayoelekeza kwenye huduma za jamii kama shule na hospitali. Uamuzi ule ulikubali jambo la msingi, kwamba kuna maandishi ya barabarani yanayomsaidia mwananchi kufika anakokwenda, na hayo hayastahili kutozwa kama tangazo la soda. Ukishakubali hivyo kwa zahanati, utamwambia nini mwenye gereji?

Sasa tuje kwenye hesabu, na hapa naomba msomaji anivumilie, maana ndipo jambo lenyewe lilipo. Ada ya mabango kwa kawaida hupigwa kwa ukubwa, kwa futi au mita ya mraba, kwa mwaka. Kila halmashauri ina jedwali lake, kwa hiyo nachukua shilingi 10,000 kwa futi ya mraba kama mfano tu, ili hesabu iwe nyepesi. Kibao cha futi nne kwa tatu ni futi 12 za mraba. Kwa mfano huo ni shilingi 120,000 kwa mwaka.

Iweke hiyo kando ya mzigo mwingine wa mfanyabiashara yule yule. Kwa viwango vya kodi ya mapato vilivyowekwa mwaka 2019, mfanyabiashara mdogo asiyetunza kumbukumbu, mwenye mauzo yanayozidi shilingi milioni 4 hadi milioni 7 kwa mwaka, anakadiriwa shilingi 100,000. Kibao chake kingemgharimu kuliko kodi yake ya mapato. Kama mauzo yake ni milioni 6, ushuru wa huduma, kwa kiwango cha asilimia 0.3 kilichotumika kwa miaka mingi, ungekuwa shilingi 18,000. Kibao kingekuwa karibu mara saba ya hapo, asilimia 2 ya mauzo yote, kabla hajanunua kitambaa wala uzi wala kulipa pango la fremu.

Chukua upande wa pili bango kubwa la kampuni, mita 10 kwa 4, karibu futi 430 za mraba. Kwa kiwango kile kile linalipiwa shilingi milioni 4.3. Ukitazama jedwali utaona aliye na kikubwa analipa kikubwa, na utaona ni haki. Lakini kampuni inayoweka bango la ukubwa huo inauza kwa mabilioni, na milioni 4.3 haionekani kwenye vitabu vyake. Ada ya futi ya mraba inapima ubao tu. Haiulizi ubao ni wa nani, wala unafanya kazi gani. Hata mwaka 2018, vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vilipotolewa kwa shilingi 20,000 kwa wenye mauzo yasiyozidi milioni 4, nchi ilikubali kwamba mdogo apimwe kwa udogo wake. Ada ya mabango haijafika huko.

Kuna pia fremu zilizopakwa rangi ya kampuni ya simu au ya soda kuanzia msingi hadi paa. Mangi, mwenye duka, alikubali kwa sababu ukuta ulihitaji rangi naye hakuwa na fedha ya kuinunua. Tangazo ni la kampuni na faida ni ya kampuni, lakini afisa wa halmashauri akifika hapo anayemkuta ni mangi. Sheria ndogo isipotamka wazi kwamba tangazo la bidhaa hulipiwa na mwenye bidhaa, mzigo unamwangukia aliye karibu.

Kupata kibali nako si hatua moja. Barabara ya njia nne ya Sakina hadi Tengeru, kilometa 14.1, iko chini ya TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, inapita maeneo ya zaidi ya halmashauri moja, na barabara nyingi za mitaa zinazoungana nayo ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Kampuni kubwa ina wakala wa kuzunguka ofisi hizo. Fundi cherehani akifunga duka siku mbili kutafuta kibali, ni siku mbili za kazi zimekwenda.

Wanaotaka mji bila mabango hupenda kutaja São Paulo, Brazil, ambako sheria ya 2006, iliyoanza kutumika Januari 2007, iliondoa mabango ya matangazo karibu mji mzima. Ni mfano mzuri, ila husimuliwa nusu. Sheria ile ilitenganisha tangazo la biashara na alama inayotambulisha biashara pale pale ilipo. La kwanza lilipigwa marufuku. La pili liliruhusiwa kwa kipimo: jengo lenye upana wa mbele usiofika mita 10 liliruhusiwa alama isiyozidi mita za mraba 1.5. Kibao chetu cha futi 12 ni kama mita za mraba 1.1. Mji mkubwa ule, wenye sheria kali kiasi kile, ungekiacha mahali pake.

Kuna pingamizi moja zito. Ukisamehe vibao vidogo, mjanja ataweka vitano mlango mmoja, na kampuni itagawa bango lake vipande vipande. Hilo litatokea, sina shaka. Dawa yake ni kuandika sheria ndogo kwa usahihi: kibao kimoja kwa mlango mmoja, kibandikwe ukutani bila nguzo kuingia kwenye hifadhi ya barabara, kisizidi kipimo kilichotajwa, kitaje jina na kazi ya biashara iliyomo humo tu. Kikiwa na nembo ya bidhaa ya kampuni, kinakuwa tangazo na kampuni inalipa. Mapato yatakayopungua yanaweza kufidiwa kwa kupandisha kiwango cha mabango makubwa ya kwenye mizunguko na barabara kuu, kwa kuwa nafasi hizo ni chache na zinagombewa. Ukali nao uelekezwe huko, kwenye chuma kinachoziba kona na fleksi inayokaa miezi baada ya tamasha kwisha.

Sheria ndogo hutungwa na baraza la madiwani, wakazi hupewa nafasi ya kutoa maoni, kisha hupelekwa kwa waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa kuidhinishwa na kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Kampuni za matangazo hujua tarehe hizo na hupeleka hoja zao kwa maandishi. Wenye fremu wa Ngarenaro na Kaloleni hufahamu sheria mpya siku inayokuja na kontroo namba ya kulipia. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kuibandika rasimu kwenye ubao wa ofisi yake na kuitisha mkutano kabla haijapita, na kikao hicho kikifanyika jioni, baada ya maduka kufungwa, mafundi wataweza kuhudhuria.